Bibi Aliyetoka "Ayalandi" Tu

Kila Mkenya anaijua Kogelo. Hata asiyewahi kukanyaga Siaya atakueleza jinsi Mama Sarah, nyanya wa Barack Obama, alivyokuwa akipokea wageni uani kwake, na kwamba huko ndiko lilikotoka jina la Obama. Kijiji cha upande wa mama yake ndicho hatukijui. Kinaitwa Moneygall, kiko Kaunti ya Offaly, katikati ya Ayalandi, ukitoka Dublin kwenda Limerick. Tarehe 23 Mei 2011 Obama alifika huko na Michelle, akanywa Guinness kwenye baa ya kijiji na kusalimiana na binamu wa mbali sana ambaye miaka michache kabla hakuna aliyejua kwamba ni binamu. Siku hizi pembeni mwa barabara kuu ya M7 kuna kituo cha mafuta na mikahawa chenye jina la Obama.

Ukiitazama habari hiyo ukiwa Nyeri, inaonekana ni siasa tu. Marekani kura zikikaribia, kila mgombea humkumbuka babu Mwayalandi. Lakini mimi nimeolewa huku Massachusetts, katika familia ambayo babu Mwayalandi si wa kampeni, na mama mkwe wangu ana mkebe wa biskuti uliojaa karatasi za watu waliokufa. Aliniwekea mkebe huo mezani baada ya kusikia kwamba mimi naweza kutaja majina ya ukoo wa baba yangu vizazi kadhaa nyuma bila kusoma popote. Akasema, basi wewe ndiye utakayetutafutia.

Ndani mlikuwa na rozari iliyokatika, vyeti viwili vitatu, na picha nyingi zisizo na jina nyuma. (Tafadhali, andikeni majina nyuma ya picha. Hata hizo za simu, wekeni mahali na majina yake.) Aliyetafutwa ni bibi mmoja, nyanya ya nyanya ya mume wangu, aliyefika Lowell, hapa Massachusetts, kabla ya 1860. Ukoo wake sitautaja, wenyewe wameomba hivyo. Kila karatasi iliyomtaja ilisema jambo lile lile kuhusu kwao. Sensa ya 1860: Ireland. Sensa ya 1870: Ireland. Cheti cha kifo: Ireland. Mkikuyu akiulizwa kwao ni wapi na kujibu "Kenya", mzee aliyeuliza atanyamaza akimsubiri amalize. Karani wa Marekani hakusubiri. Hati za uraia za kabla ya 1906 nazo mara nyingi ni hivyo hivyo: mtu anaapa kumkana Malkia Victoria, na kijiji chake hakitajwi.

Na bila kijiji huendi popote. Ayalandi imegawanywa kaunti, wilaya za zamani, parokia, na chini kabisa vitongoji zaidi ya 60,000, vingine vya mashamba machache tu, na majina yanajirudia kutoka kaunti moja hadi nyingine. Mtu wa karne ya 19 hakuwa "Mwayalandi" alipokuwa kwao. Alikuwa wa kitongoji fulani, parokia fulani, mpangaji wa mwenye ardhi fulani. Rejista zimepangwa kwa mtindo huo, na ukibisha hodi na jina la mtu tu, hata liwe jina zuri namna gani, utapewa watu mia wenye jina hilo.

Kabla ya kuanza ilibidi tumalizane na hadithi ya nyumbani. Mama mkwe alikuwa na hakika kwamba jina la ukoo lilibadilishwa na karani wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji bandarini New York. Karibu kila familia ya Wamarekani ina hadithi hii. Kituo cha Ellis Island kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892, na kile kilichokitangulia New York, Castle Garden, mwaka 1855. Waayalandi waliokimbia njaa kuu ya 1845 hadi 1852 walikuwa wameshashuka bandarini kitambo. Isitoshe, makarani wa Ellis Island hawakuwa wakiwapa watu majina. Walikuwa wakihakiki orodha iliyoletwa na meli, iliyoandikwa huko abiria walikopandia. Jina likibadilika, mara nyingi mwenyewe ndiye aliyelibadilisha, au shule, au tajiri wake.

Ellis Island penyewe pana kisa kinachotosha kumfanya mtu awe mwangalifu. Wa kwanza kupita siku ile ya ufunguzi alikuwa msichana wa miaka 17 kutoka Kaunti ya Cork, Annie Moore, akiwa na wadogo zake wawili wa kiume. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba alihamia magharibi, akaolewa Texas na kuuawa na tramu mwaka 1923. Watu wa ukoo wa mwanamke huyo wa Texas walialikwa hata kwenye sherehe za heshima. Mwaka 2006 mtafiti wa nasaba, Megan Smolenyak, akaonyesha kwamba Annie Moore wa Texas alizaliwa Illinois, wala hakuwahi kuvuka bahari. Annie wa kweli hakwenda mbali na bandari. Aliishi upande wa mashariki wa Manhattan ya chini, akaolewa na mfanyakazi wa duka la mikate, akazaa watoto wengi na kuzika kadhaa, akafa 1924 na kulazwa Queens katika kaburi lisilo na jiwe. Jiwe liliwekwa 2008. Jina lilikuwa sahihi, umri ulikaribiana, hadithi ilikuwa tamu, na wote wakaridhika na mtu asiye yeye.

Smolenyak huyo huyo ndiye aliyempata babu wa Obama, mwaka 2007. Nimesoma sana jinsi alivyofanya, kwa sababu ndipo nilipojifunza kutafuta. Babu anaitwa Falmouth Kearney, mwana wa fundi viatu, aliyeshuka New York mwaka 1850 akiwa kijana. Hakubaki pwani kama wengi, akaenda moja kwa moja Ohio, akaoa huko, baadaye akahamia Indiana. Binti yake Mary Ann akaolewa na mtu wa ukoo wa Dunham, na kizazi chao kikafika Kansas, hadi kwa Ann Dunham, mama yake Obama. Ukimkazia macho Falmouth peke yake hutoki Indiana. Swali lenye faida ni kwa nini Ohio, na jibu ni baba yake mdogo: Francis Kearney alikuwa ametangulia huko, akafa, akaiacha ardhi yake kwa ndugu yake Joseph, baba wa Falmouth. Familia ilivuka bahari kwa sababu ya urithi. Kwa hiyo huyo ndugu aliyekufa, ambaye si babu wa rais yeyote, ndiye anayeeleza safari nzima. Upande wa pili wa bahari, kasisi wa Kianglikana, Stephen Neill, akapekua rejista za parokia yake na kuwakuta akina Kearney wa Moneygall wameandikwa.

Kianglikana, nasisitiza. Wengi wangekwenda moja kwa moja kwenye vitabu vya Wakatoliki, maana mhamiaji Mwayalandi wa 1850 tunamfikiria Mkatoliki fukara. Akina Kearney walikuwa mafundi, na wazee wao walishawahi kutengeneza mawigi Dublin. Na ni bahati kubwa vitabu vile vilikuwepo. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, Ofisi ya Kumbukumbu za Umma iliyokuwa Four Courts, majengo ya mahakama ya Dublin, ililipuka na kuungua. Zikateketea rejista nyingi za Waanglikana, wosia za karne nyingi, na karibu karatasi zote za sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851. Watu husema moto ndio ulioyamaliza yote, lakini hiyo ni kuusingizia: sensa za 1861 na 1871 serikali yenyewe iliamuru ziharibiwe, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kwa sababu karatasi ilikuwa adimu. Za kwanza zilizobaki nzima ni za 1901 na 1911, nazo zinasomwa bure mtandaoni. Chuo cha Trinity cha Dublin kinaongoza kazi ya kukusanya nakala zilizokuwa zimesambaa kwingineko, ili kuujenga upya ule ukumbi wa nyaraka kwa kompyuta.

Basi tukaanzia Lowell, mji wangu.

Anayeujua Lowell anajua kwamba umejaa Wakenya. Jumapili unaweza kusali kwa Kikuyu au Kiswahili, ukapita kununua unga na majani, ukarudi nyumbani bila kuongea Kiingereza. Lakini mji huu ulichimbwa na Waayalandi. Mwaka 1822 Hugh Cummiskey, mzaliwa wa Kaunti ya Tyrone, aliwaongoza vibarua wapatao 30 kwa miguu kutoka Charlestown kuja kuchimba mifereji iliyoleta maji ya mto Merrimack kwenye mashine za viwanda vya nguo. Wakajenga vibanda mahali panapoitwa Acre hadi leo, na kufikia 1831 walikuwa na kanisa lao, St. Patrick. Mabinti zao na wadogo zao wakaingia viwandani. Mimi hufanya zamu za usiku katika nyumba ya wazee, na nikirudi alfajiri napita kando ya mfereji huo.

Massachusetts ina sifa moja nzuri: vyeti vyake vya vifo vya zamani huandika majina ya wazazi wa marehemu. Rejista ya ndoa kanisani ikatupa jina la ukoo wa bibi kabla hajaolewa. Sensa ya 1900 iliwauliza wanawake wamezaa watoto wangapi na wangapi wako hai, na pia mwaka waliofika Marekani. Bibi alijibu tisa, watano, na 1851. Nilikaa kidogo na hiyo tisa na watano.

Kisha nikawapanga watoto wake kwa mfuatano, kutoka sensa moja hadi nyingine, na mpango ule nikautambua. Kwetu Ukikuyuni mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba ya mume, wa pili la baba ya mke. Binti wa kwanza la mama ya mume, wa pili la mama ya mke. Ndiyo maana kifungua mimba wangu anaitwa jina la baba mkwe, na mama mkwe siku ile hospitalini alidhani namfanyia heshima ya ziada. Waayalandi wa zamani walikuwa na desturi karibu ile ile. Wavulana ni sawa kabisa na sisi. Kwa wasichana wanageuza: wa kwanza ni mama ya mke, wa pili mama ya mume. Na mtoto akifa, jina hurudishwa kwa atakayezaliwa baadaye, kwa hiyo ukiona majina mawili yamejirudia katika nyumba moja, usidhani karani amekosea.

Haikuwa sheria, na wapo walioivunja. Lakini nyumba ya bibi iliifuata vizuri sana hadi ningeweza kuandika, kabla sijaona karatasi yoyote ya Ayalandi, wazazi wake waliitwa nani. Mama mkwe hakuamini. Nilimwambia sisi hatuhitaji cheti kumjua cucu, yaani nyanya, wa mtu, tunamuuliza binti yake anaitwa nani.

Majina hayo mawili, ya baba na mama, yalikuwa nusu ya kazi. Parokia bado. Tulijaribu matangazo ya gazeti la Wakatoliki la Boston, The Pilot, ambalo kuanzia 1831 hadi 1921 lilichapisha maelfu ya matangazo ya watu wanaotafutana: fulani, mzaliwa wa parokia fulani, kaunti fulani, alishuka Quebec mwaka fulani, mara ya mwisho alisikika akifanya kazi kwenye reli, dada yake anamtafuta, tafadhali andika kwa anwani hii. Ukisoma kurasa mbili tatu unachoka moyo. Wako wake wanaotafuta waume waliotangulia na kunyamaza, wako wazazi wanaotafuta watoto. Sisi tuliokuzwa na matangazo ya vifo ya redio na magazeti ya Kenya, yanayotaja kila shemeji na kila mjukuu na nani yuko Marekani, tunaweza kusoma matangazo haya bila mwalimu. Bibi hakuwemo. Hakupotea, na hakupotelewa na mtu.

Aliyetuokoa ni mdogo wake. Katika sensa ya 1860, kwenye nyumba ile ile, ameandikwa msichana mwenye jina la ukoo la bibi la kuzaliwa, mfanyakazi wa kiwandani. Hakuolewa. Hakuna ukoo leo unaomhesabu, na mama mkwe hakuwahi kumsikia. Lakini mtu asiye na watoto wa kumkumbuka alijinunulia jiwe. Makaburi ya St. Patrick ya Lowell yana mawe mengi ya zamani yanayotaja kwao mtu, na jiwe lake, ambalo nililisoma kwa kulimwagia maji na kulipiga tochi kutoka ubavuni, lilisema parokia na kusema Kaunti ya Cork. Parokia iko upande wa Skibbereen.

Ukitaja Skibbereen kwa Mwayalandi huhitaji kuendelea. Mwaka 1845 ukungu wa viazi uliingia Ayalandi, ugonjwa ule ule unaowamaliza wakulima wa Kinangop mvua zikizidi, na watu waliokuwa wanaishi kwa viazi na maziwa wakakosa chakula kwa miaka ile hadi 1852, huku nafaka na mifugo ikiendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza. Waliokufa wanafika milioni moja, na waliohama si pungufu ya milioni nyingine, katika nchi iliyohesabu watu zaidi ya milioni nane mwaka 1841. Kando ya Skibbereen, makaburini Abbeystrewry, kuna maelfu ya watu waliozikwa kwa pamoja bila majeneza. Bibi alikuwa msichana miaka hiyo. Kwa hesabu yoyote, aliyaona.

Rejista za Wakatoliki ziko Maktaba ya Taifa ya Ayalandi, na tangu 2015 picha za kurasa zake zinapatikana mtandaoni bila malipo. Bure kweli, lakini jasho lipo. Mwandiko wa padri mchovu, wino uliovuja, na Kilatini: James anakuwa Jacobus, William anakuwa Gulielmus, na Honora, ambaye nyumbani aliitwa Nora, anaandikwa Honoria. Nilizoea kuzisoma nikitoka zamu, miguu juu ya kiti. Ubatizo wa bibi mwenyewe hauonekani popote. Wa mdogo wake upo: jina la baba, jina la mama, yale yale niliyoyabashiri kwa majina ya watoto wa Lowell, wasimamizi wawili, na pembeni jina la kitongoji. Msimamizi mmoja alikuwa na jina la ukoo la mume wa bibi. Kumbe wale wawili hawakukutana Lowell kama familia ilivyosimulia. Nyumba zao zilijuana miaka mingi kabla ya meli.

Nilimpigia mama mkwe simu saa kumi na moja asubuhi. Hakukasirika.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Uthamini wa Griffith, uliofanywa kati ya 1847 na 1864 kwa ajili ya kodi, unataja kitongoji kwa kitongoji nani anakaa wapi, anampangia nani, na ekari ngapi. Baba wa bibi hayumo. Yumo mwanamume mwenye jina la ukoo huo huo, nyumba moja na kipande cha shamba. Vitabu vya marekebisho vilivyofuata viliandika kila mabadiliko kwa wino wa rangi tofauti: jina linakatwa, jingine linaandikwa juu yake. Pale kwetu, nimeanza kusema "pale kwetu", jina la kwanza lilikatwa na ukoo haukukatwa, mara ya pili vivyo hivyo.

Na kwenye sensa ya 1911 wapo, katika kitongoji hicho hicho. Mzee wa nyumba ameongeza miaka 15 tangu sensa ya 1901. Hilo linaonekana nchi nzima, na sababu inajulikana: Sheria ya Pensheni ya Wazee ilipitishwa 1908, malipo yakaanza Januari 1909, kwa waliofikisha miaka 70. Usajili wa kiserikali wa vizazi kwa watu wote ulikuwa umeanza 1864 tu, kwa hiyo hakuna mzee aliyekuwa na cheti. Wengine waliomba ofisi ya Dublin iwatafute kwenye sensa za 1841 na 1851, ambazo wakati huo hazijaungua, na fomu za maombi hayo zimebaki hadi leo zikiwa na vipande vya sensa ambayo yenyewe haipo tena. Sisi ambao wazee wetu wote walizaliwa tarehe 1 Januari kwa mujibu wa kitambulisho, hatuna la kumcheka mzee yule.

Sasa hivi mama mkwe anaandika barua kwa padri wa parokia, ampe yeyote mwenye ukoo huo aliye bado kwenye kitongoji. Barua pepe hataki. Rasimu ya kwanza ilianza na tarehe za kuzaliwa na kufa, kama ripoti ya mahakama. Nikamwambia huwezi kumwandikia mtu wa kwenu barua ya kwanza baada ya miaka 170 ukaanza na mambo yako. Unaanza kwa kumuuliza hali, ng'ombe, na mvua. Ameongeza mvua. Ng'ombe tunabishania bado.